RESINI NI CHUMVI, UBAO NDIO MBOGA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Wapenzi wasomaji wa jarida letu, nimeianza makala yangu kwa methali hii kwa sababu kuna kitu king'aacho ambacho kimetuteka wengi wetu, nami nikiwa miongoni mwa mateka hao. Nazungumzia picha za ukutani za mbao na resini. Bila shaka mmeziona. Ubao hupasuliwa vipande viwili, vipande hivyo vikalazwa ubavu kwa ubavu na kuachiwa nafasi katikati, kisha nafasi hiyo ikamiminiwa kitu cha maji maji chenye rangi ya buluu au kijani. Kikiganda, huwa kigumu na hung'aa kama kioo, ukadhani ni mto uliolala ubaoni. Siku hizi picha hizi zimetundikwa katika hoteli, ofisi na hata vyumba vya kinyozi. Na vijana tukizitazama katika simu za wazazi wetu husema, "Ah, hata mimi naweza!"

Kweli, unaweza. Msinielewe vibaya, sikuja hapa kuitukana kazi hii. Ni kazi nzuri, inafanyika nyumbani, haihitaji mashine kubwa, na inaweza kumpa mwanafunzi pesa za daftari na nauli. Lakini msimamo wangu ni huu: wengi wetu tunaifanya kinyume. Tumeifanya resini kuwa bwana na ubao kuwa mtumwa wake. Mimi nasema resini ni chumvi, ubao ndio mboga. Nani amewahi kumwona mpishi akijaza chumvi sufuria nzima halafu akanyunyiza mboga juu? Mpishi wa namna hiyo atapoteza pesa, atawaumiza walaji, na chakula chenyewe kitamwagwa. Mambo hayo matatu yalinipata mimi mwenyewe, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Jirani yetu aliukata mwembe wake uliozeeka, nami nikamwomba ubao mmoja. Nikamwendea mama nikamsihi anikopeshe pesa katika zile alizokuwa amepokea kwenye chama. Nilimwahidi mengi, si mnajua jinsi mtu anavyoahidi akitaka kitu! Mama akanipa shilingi 1,250. Nilinunua nusu kilo ya resini pamoja na kigandishi chake kwa shilingi 1,100, na kichupa cha rangi ya buluu kwa shilingi 150. Nia yangu ilikuwa kuuchora Mto Athi, ule mto ambao ukielekea pwani hubadilisha jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia baharini karibu na Malindi. Nikaona, maadamu ni mto mkubwa, acha na wangu uwe mkubwa. Nikauachia upana wa sentimita 12, urefu wa sentimita 60 na kina cha milimita 6. Ukipiga hesabu utaona kwamba mto huo uliimeza ile nusu kilo yote.

Sasa sikilizeni makosa. Chupa iliandikwa wazi kwamba vipimo viwili vya resini huchanganywa na kipimo kimoja cha kigandishi. Mimi nikajisemea moyoni, kigandishi si ndicho kinachogandisha? Basi nikiongeza, itaganda haraka nami nimalize kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Nikaongeza. Haraka haraka haina baraka, lakini siku hiyo methali hiyo nilikuwa nimeisahau. Nikiwa bado nakoroga rangi, mkebe ukaanza kupata moto mkononi mwangu, nikamimina kwa pupa huku mapovu yakipanda. Ubao wenyewe ulikuwa haujakauka vizuri, kwa hiyo nao ukazidi kutema hewa na unyevu. Kazi hiyo yote niliifanyia sebuleni, dirisha likiwa limefungwa ili vumbi lisiingie. Na sebule yetu, wapenzi wasomaji, ndiyo chumba cha kulala cha mimi na mdogo wangu.

Usiku ule mdogo wangu, ambaye ana kifua cha pumu, alikohoa hadi mama akamtoa nje akaketi naye kizingitini wakingoja pumzi irudi. Mimi nilikuwa nimesimama kando na mikono yangu inawasha, vipele vimejaa hadi kwenye viwiko. Mama hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Kitoe hicho kitu chako." Laiti angalinigombeza! Nilikibeba nikakipeleka nyuma ya jikoni. Asubuhi kilikuwa bado kinanata. Baada ya wiki nzima kilikuwa bado kinanata. Nzi wawili walitua wakabaki humo humo.

Baadaye shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kemia akaanza mada ya moli. Alipoeleza kwamba vitu huungana kwa kiasi maalum, na kinachozidi hubaki bila mwenzi, nilitikisa kichwa. Kumbe! Resini na kigandishi ni kama wachezaji wa ngoma ya watu wawili wawili. Kila chembe ya resini inataka mkono wa kushika kutoka kwa kigandishi. Ukiwaleta wageni wengi upande mmoja, waliokosa wenzi hubaki wakizurura katikati, na hao ndio wanaonata. Kigandishi kikizidi, unaharibu kabisa. Tena wakishikana mikono hutoa joto. Mchanganyiko mwingi ukikaa katika mkebe mmoja hauna pa kulitolea joto hilo, basi hujichemsha wenyewe, na huweza hata kutoa moshi na kupasuka. Ndiyo sababu mafundi humimina kwa tabaka nyembamba. Mambo haya yote yamo katika somo tunalolalamikia kila Jumatatu asubuhi kwamba halina maana katika maisha!

Sasa nije kwenye hoja zangu, moja baada ya nyingine.

Hoja yangu ya kwanza ni ya pesa. Resini hununuliwa, lakini mkono wako haununuliwi. Ukijaza resini, pesa za picha yako zimekwisha kwenda dukani kabla hujapata mnunuzi. Anayefaidi ni mwenye duka, na nyuma yake mwenye kiwanda kilicho ng'ambo. Jambo hili lina historia ya kusikitisha kidogo. Sisi Waswahili, na wote tunaoisema lugha hii, hatukuanza jana kuzijua resini. Tazameni tu utajiri wa lugha yetu: tuna utomvu, tuna ulimbo wa kunasia ndege, tuna ubani, na tuna sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliokauka ukawa mgumu na kung'aa. Katika karne ya 19 watu wa pwani na mrima waliichimba ardhini wakaiuza Unguja, na wafanyabiashara wa Salem kule Marekani wakainunua kwa wingi. Marekani na Sultani wa Maskati, aliyetawala pia Unguja, walitiliana sahihi mkataba wa biashara mwaka 1833, na sandarusi ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizosafirishwa huko. Wao waliisafisha wakatengenezea vanishi ya kupaka samani. Babu zetu walichimba, wengine wakang'arishia meza zao.

Leo mambo yamegeuka, lakini hesabu ni ile ile. Resini hii tunayomimina haitoki mtini. Inaitwa epoksi, na hutengenezwa viwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Miongoni mwa waliovumbua njia ya kuitengeneza alikuwa Pierre Castan wa Uswisi, katika miaka ya 1930, na alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno bandia! Ni ndugu ya ile gundi ya mirija miwili, Araldite, ambayo baba zetu huunganishia vitu vilivyovunjika. Basi zamani tuliuza resini mbichi tukabaki mikono mitupu, na sasa tunanunua resini ya kiwandani na tutabaki mikono mitupu tena, tusipoangalia. Kilicho chetu ni ubao na ustadi. Hicho ndicho tukiuze.

Hoja yangu ya pili ni ya afya. Wenzangu, resini si uji. Ikiwa bado maji maji, ikigusa ngozi huweza kuleta vipele, na mwili wa mtu ukishaikataa mara moja, huweza kuikataa maisha yake yote, hata tone dogo likamwasha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Ikishaganda na ukaipiga msasa, vumbi lake nalo ni baya kifuani. Na mtu akimwagikiwa mkononi asijisafishe kwa petroli au thina kama wafanyavyo wapaka rangi, kwa maana hizo huipenyeza ndani ya ngozi zaidi. Atumie sabuni na maji, upesi. Katika video za simu utamwona mtu anamimina huku anatabasamu, mikono mitupu, muziki unalia. Hutaonyeshwa mdogo wake akiwa kizingitini usiku wa manane. Wengi wetu hatuna karakana, tuna chumba kimoja au viwili tunamolala, kupika na kusoma. Kwa hiyo resini ikipungua, hatari nayo inapungua. Na asiye na mahali pa wazi pa kufanyia kazi, bora asiifanye kabisa hadi apate.

Hoja yangu ya tatu ni ya mazingira. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na sote tukashangilia. Resini iliyoganda ni plastiki, tena ni ya aina isiyoyeyuka ikafinyangwa upya kama beseni lililovunjika. Picha yako ikiharibika, ile takataka umeizaa wewe na itakuzidi umri. Hata iliyobaki chupani haifai kumwagwa mtaroni. Ichanganye, iache igande, ndipo uitupe. Mnaona basi, kila gramu tunayoipunguza ni faida mara tatu: mfukoni, kifuani na ardhini.

Najua kuna watakaonipinga. Tulipoijadili mada hii katika kikao cha chama chetu, mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Lakini wateja wenyewe wanataka king'ae! Usipoweka resini nyingi nani atanunua?" Mwingine akasema kwamba kazi za mikono ni za walioshindwa na masomo, na kwamba mwanafunzi anayenuka vanishi atapata alama za vanishi. Watu wakacheka sana. Nami nilicheka, ila nitawajibu.

Nianze na huyu wa pili, maana jibu lake ni fupi. Wazazi wetu waliosoma 8-4-4 ilipokuwa changa, baada ya mwaka 1985, hutusimulia jinsi walivyosuka vikapu na kuchonga miko kwa ajili ya somo la Sanaa na Ufundi. Sisi tulio kidato cha tatu ni miongoni mwa wa mwisho kabisa katika mfumo huo, na tumeumaliza bila kushika patasi darasani. Wengi wetu tunaweza kuandika tafsiri ya neno "randa" lakini hatujawahi kuisikia ikilia juu ya ubao. Je, huko ndiko kusoma? Mimi picha iliyoharibika ilinifunza moli kuliko kitabu. Tena nitaongeza jambo: mimi ni msichana, na nimeambiwa mara nyingi kuwa useremala si kazi yangu. Ubao haujawahi kuniuliza swali hilo.

Sasa yule wa kwanza, wa king'ae kisingae. Jibu lake nililipata kwa babu.

Babu yangu ni mzaliwa wa Wamunyu. Kwa wasiojua, Wamunyu ndiko ulikoota mzizi wa uchongaji wa Wakamba wa vinyago vya kuuza. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa huko, alijifunza ufundi huo Tanganyika alipokuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, akawafunza wengine. Wengine wakashuka hadi Mombasa, na mwaka 1963 wakaanzisha chama cha ushirika cha wachongaji pale Changamwe. Babu alichonga huko miaka mingi, twiga na vifaru, hadi macho yalipopungua nuru. Amesimulia mara nyingi jinsi walivyochonga muhugu na mpingo, miti migumu ambayo hukua polepole sana, na jinsi magogo yalivyozidi kuwa haba, yakitoka mbali zaidi kila mwaka. Katika miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kugeukia miti inayokua upesi, kama mwarobaini, mwembe, jakaranda na mgrevilea. Wengine walinung'unika. Babu anasema mwarobaini ulimfundisha kuchonga upya, uzeeni.

Basi babu alipokuja kututembelea likizo ile ile, aliikuta picha yangu nyuma ya jikoni. Akainama, akaigusa, kidole kikanata. Akawatazama wale nzi. Nilikuwa nangoja anicheke. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huu ni mto gani?"

"Ni Athi, babu."

"Umefurika. Nchi iko wapi?"

Nikanyamaza. Kweli nilikuwa nimeubakizia ubao vijisehemu viwili kando, kama watu waliokimbilia mlimani kuepa gharika. Babu akaendelea, "Mti huu umeishi miaka mingi kabla yako. Una mistari yake, una fundo lake hapa, una rangi mbili. Wewe umeufunika kwa kitu cha duka. Mtu akinunua hii, ananunua duka."

Halafu akaniuliza swali jingine, kwa nini niliuchora mto wenye maji wakati mito mingi tunayoijua huku kwetu ni ya msimu. Akanikumbusha Thwake. Kiangazi ukisimama ukingoni, unachokiona ni mchanga, mchanga, mchanga, na pengine kijiuzi cha maji mahali kina mama wamefukua. Huo ndio mto wetu. Hakuna hata mmoja ulio wa buluu kama kidimbwi cha kuogelea cha watalii.

Nikashika kazi upya. Babu alinunua chupa ya pili kwa pesa zake, ila kwa sharti kwamba nisiifungue kabla hajaniruhusu. Kwa wiki mbili na nusu nilipiga randa na msasa tu. Nilitumia kipande kingine cha mwembe ule ule, ambacho babu alikianika kivulini, si juani, kisije kikapasuka. Nilianza na msasa mkali, nikaja wa kati, nikamaliza na laini, hadi ile mistari ya mti ikajitokeza yenyewe kama mishipa mkononi. Kisha nikachimba bonde pana na lisilo na kina kwa patasi. Nikaenda mtoni nikachota mchanga kiganja kimoja (sikuchukua lori, msinishtaki!), nikauosha, nikaukausha, nikaubandika bondeni kwa gundi nyeupe ya seremala. Katikati ya mchanga nikaacha njia nyembamba yenye upana wa sentimita moja na kina cha milimita 4. Hapo tu ndipo babu aliponiambia, "Sasa fungua chupa."

Nilipima safari hii kama muuza dawa. Kwanza nilipaka tabaka nyembamba kabisa ili kuziba vinyweleo vya ubao visiteme mapovu, nikaiacha ishike, ndipo nikamimina. Nilifanya kazi hiyo uani, jioni, jua likishuka, kwa sababu ubao unaopoa hauzidi kutoa hewa kama ule unaopata joto. Nilivaa glavu, na mdogo wangu alikuwa kwa shangazi. Resini iliyotumika ilikuwa kama gramu 30. Kwa bei ya chupa ile, hiyo ni shilingi 66. Linganisheni na 1,100!

Je, iling'aa? Iling'aa, kwa kiasi chake. Ule uzi mwembamba wa maji katikati ya mchanga mkavu uling'aa hivi kwamba jicho lako huenda hapo moja kwa moja, kama vile jicho la mtu mwenye kiu linavyokwenda. Hapo ndipo nilipomwelewa mwenzangu wa "king'ae". Wateja wanataka king'ae, sikatai. Lakini kitu hung'aa kwa sababu kilicho kando yake haking'ai. Ukikifanya chote king'ae, hakuna kinachoonekana. Mwenye hoteli ya chai karibu na steji aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Hii ni Thwake, sivyo?" Sikuwa nimeandika jina popote. Akainunua kwa shilingi 800. Nyingine ilikwenda kwa shilingi 700. Deni la mama nimelilipa lote, shilingi 1,250. Na chupa ile ya babu haijaisha, ijapokuwa imekwisha kutoa picha sita.

Tena nimegundua jambo la kushangaza. Mtindo huu wa mto katikati ya mbao ulipata umaarufu kupitia seremala mmoja wa jimbo la Washington, Marekani, aitwaye Greg Klassen, aliyetengeneza meza za namna hiyo. Na meza zake hizo zilizovuma hazikuwa na mto wa resini. Alikata kioo cha buluu kwa mkono, akikifuatisha ukingo wa ubao jinsi mti ulivyoumea. Yaani mti ndio ulioamua mto upite wapi! Resini ilikuja na walioiga. Nasi tumewaiga walioiga, na hivyo tukakosa maana ya mwanzo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawaachia wenzangu ushauri wangu kwa ufupi. Kwanza, anzeni na ubao. Nendeni kwa mafundi seremala muombe vipande vinavyokwenda kuchomwa, mvikaushe vizuri, mvitazame mpaka mjue vinataka kuwa nini. Pili, chimbeni njia ndogo kwa resini, na pahali pengine pote muuache mti useme. Mafuta kidogo au vanishi yatatosha kuulinda. Tatu, someni maandishi ya chupa na muyafuate hata kama mnadhani mna akili kuliko chupa. Nne, fanyeni kazi hiyo mahali pa wazi, mkiwa na glavu, mbali na watoto na vyakula. Tano, msiitundike picha mahali jua linapochoma, maana resini hugeuka manjano. Na la mwisho, chorezeni kwenu. Mlimani, ziwani au pwani, kila mahali pana umbo lake ambalo mtu wa hapo atalitambua bila kuandikiwa jina.

Kwa walimu wetu na uongozi wa shule nina ombi moja. Nyuma ya maktaba kuna nafasi wazi yenye kivuli. Meza mbili, randa moja, patasi chache na misumeno, na chama chetu kingepata karakana yake. Tungejifunza Kemia kwa mikono, na Kiswahili pia, kwa maana tungepata pa kuyatumia maneno ya ufundi ambayo sasa yanalala kamusini.

Mama bado hajakubali nitundike picha yangu yoyote nzuri sebuleni. Aliyoitundika ni ile ya kwanza, ile iliyofurika, na ameiweka jikoni juu ya meko ambapo kila mtu anaiona. Bado inanata. Wale nzi wawili bado wamo. Kila nikienda kuchukua chumvi natazamana nao, kisha natia kidogo.